Je, kususa kulitunyima dhahabu ya Bayi? Jibu kwa msomaji wa Lindi

"Shikamoo mwalimu. Niko Lindi mjini. Marehemu baba alifanya kazi Nachingwea miaka ya sabini, na mpaka anafariki alikuwa akisema Tanzania ilimtoa sadaka mkimbiaji wetu Filbert Bayi kwa ajili ya wapigania uhuru: tuligomea Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa kuwa Makaburu walikuwa wanakuja, dhahabu yake ikachukuliwa na mwingine. Juzi kijiweni shemeji yangu kanibishia. Anasema Bayi hajawahi kushinda dhahabu yoyote ya maana, alivunja rekodi tu, na kwamba habari za Msumbiji kushiriki Madola ni uongo maana wao walitawaliwa na Mreno. Tumewekeana kahawa na kashata za kijiwe kizima. Lakini aliyeniacha bila jibu ni binti yangu wa kidato cha pili, anakimbia mita 800 shuleni. Kaniuliza: 'Kwa hiyo baba, hata nikifika huko naweza kuambiwa nisikimbie?' Je, tulikosea kususa? Na michezo yenyewe bado ipo, au ndiyo inakufa kama tunavyosikia?"

Marahaba ndugu yangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. Barua yako nimeirudia mara mbili. Mzee wako alishika kiini cha habari ila akachanganya michezo miwili. Shemeji amekosa kiini na ganda. Binti ndiye aliyeuliza swali gumu kuliko nyote wawili, na kwake nitafika.

Nianze na shemeji, nimtoe njiani. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Bayi akiwa na miaka 20 alishinda fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Ilikuwa dhahabu, na ilikuwa rekodi ya dunia, vyote kwa mpigo. Rekodi aliyoivunja, 3:33.1, ilikuwa ya Mmarekani Jim Ryun tangu mwaka 1967.

Nilipokuwa nafundisha, mbio zile nilikuwa nazieleza kwa korosho juu ya meza. Wewe uko Lindi, korosho hazikupigi chenga, jaribu na binti. Panga korosho kumi zikiwa zimebanana. Hivyo ndivyo watu walivyozoea kukimbia mita 1,500: kundi moja, kila mmoja anamvizia mwenzake, hakuna anayetaka kutangulia. Anayetangulia anawapasulia wenzake upepo, halafu hana macho kisogoni, hajui nani yuko mgongoni na amebakiza nguvu kiasi gani. Kwa hiyo wote husubiri mzunguko wa mwisho ndipo wafyatuke. Sasa chukua korosho moja, isogeze mbele vidole viwili tangu mwanzo, na uiache hukohuko. Huyo ndiye Bayi. Aliondoka kasi tangu mlio wa bastola, katikati ya mbio akawa amewaacha wenzake kwa mita nyingi, uwanja mzima ukidhani kijana atakata pumzi. Mzunguko wa mwisho korosho ya pili ikaanza kusogea: John Walker, mwenyeji, anayeshangiliwa na nchi yake yote. Akasogea, akasogea, hakufika. Walker mwenyewe alimaliza kwa 3:32.5, yaani naye alikuwa chini ya rekodi ya zamani, na bado akawa wa pili. Wa tatu alikuwa Ben Jipcho wa Kenya. Mei mwaka uliofuata, Kingston, Jamaica, Bayi akavunja na rekodi ya maili moja, 3:51.0.

Kwa hiyo dhahabu ya Madola hatukunyimwa. Tulikwenda, akakimbia, akaileta.

Tulichokigomea ni kingine. Ilikuwa Olimpiki ya Montreal, Canada, Julai 1976. Na hapo pia kuna kosa ambalo nalisikia kila mahali, si kwa mzee wako peke yake. Makaburu hawakuwa wanakuja Montreal. Afrika Kusini ilikuwa imefungiwa kwenye Olimpiki tangu ile ya Tokyo 1964, na mwaka 1970 ikafukuzwa kabisa. Mgogoro ulikuwa wa New Zealand. Timu yao ya taifa ya raga ilikwenda kucheza Afrika Kusini mwaka huohuo wa 1976, wakati damu ya wanafunzi wa Soweto, waliopigwa risasi kuanzia Juni 16, haijakauka. Nchi za Afrika zikataka New Zealand iondolewe Montreal. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikajibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, kwa hiyo haiwahusu. Zaidi ya nchi 20 za Afrika zikabaki nyumbani au zikafungasha virago. Tanzania ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kutamka kwamba haiendi.

Dunia ilikuwa inasubiri Bayi na Walker wakutane tena. Badala yake Walker alishinda kwa 3:39.2, sekunde saba nyuma ya rekodi ya Bayi, katika mbio za kuviziana ambazo hazikuwa na mtu wa kuzivuruga. Hapo ndipo wengi hupiga hesabu rahisi: sekunde saba, basi dhahabu ilikuwa yetu. Hesabu hiyo siikubali. Muda wa fainali ya kuviziana hauonyeshi uwezo wa mtu. Walker mwenyewe Agosti 1975 alishaichukua rekodi ya maili kutoka kwa Bayi, akawa wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 3 na sekunde 50. Isitoshe, inasimuliwa kuwa Bayi aliugua malaria karibu na michezo ile. Tulichopoteza kwa hakika ni mbio zenyewe. Nani angeshinda, hilo hakuna ajuaye.

Bayi hakuishia hapo. Edmonton 1978 akapata fedha ya Madola katika mita 1,500, akishindwa na Mwingereza David Moorcroft kwa tofauti ya sehemu ya kumi ya sekunde. Moscow 1980 akapata fedha ya Olimpiki katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui fedha ya mita 5,000. Mpaka leo hizo mbili ndizo medali zote za Olimpiki tulizonazo. Ukisikia mtu anazungumzia uchungu wa Montreal, kumbuka ana hesabu hiyo kichwani.

Sasa turudi Madola, maana ubishi wa kucheza na kutocheza na mbaguzi ni mzee karibu kama michezo yenyewe. Ilianza mwaka 1930 mjini Hamilton, Canada, kwa juhudi za mwandishi wa habari za michezo, Melville Marks Robinson. Wakati huo iliitwa Michezo ya Himaya ya Uingereza. Timu 11, wanamichezo kama 400. Wanawake waliruhusiwa kuogelea na kupiga mbizi tu. Ya pili, mwaka 1934, ilipangwa Johannesburg. Ikahamishiwa London, kwa sababu kulikuwa na wasiwasi jinsi wanamichezo weusi na Waasia watakavyotendewa kule. Ona mwaka huo: 1934. Ubaguzi ulikuwa haujapewa hata jina lake rasmi la Kikaburu kama sera ya serikali, na tayari ulikuwa umeihamisha michezo.

(Mwambie binti jambo hili, halimo kwenye swali lakini linamhusu. London 1934 wanawake waliruhusiwa riadha, na walikimbia hadi yadi 880, ambayo ndiyo baba wa mita 800 zake. Gladys Lunn wa England akashinda. Kisha mbio hizo zikaondolewa kwa wanawake, zikarudi Madola mwaka 1962 tu. Kwenye Olimpiki ilikuwa vivyo hivyo: zilikimbiwa 1928, wakubwa wakasema ni nzito mno kwa mwili wa mwanamke, zikafutwa mpaka 1960. Kwa hiyo swali lake la "naweza kuambiwa nisikimbie" limewahi kujibiwa ndiyo kwa sababu za kipuuzi kuliko siasa.)

Mwaka 1961, Tanganyika ikiwa inaelekea uhuru, Mwalimu Nyerere aliandika kwenye gazeti la Uingereza kwamba Afrika Kusini ikibaki ndani ya Jumuiya ya Madola, sisi hatuingii. Afrika Kusini ikatoka mwaka huohuo. Haikuonekana tena kwenye michezo hii hadi Victoria, Canada, 1994. Baada ya Montreal, viongozi wa Madola walikutana Gleneagles, Scotland, Juni 1977, wakakubaliana kuzizuia timu zao kucheza na Afrika Kusini. Makubaliano yale ndiyo yaliyoiokoa Edmonton 1978. Nigeria peke yake ndiyo iliyokataa kwenda kwa sababu hiyo. Huko Gidamis Shahanga wetu akashinda marathoni, na Brisbane 1982 akaongeza dhahabu ya mita 10,000. Brisbane hiyohiyo Juma Ikangaa alikimbia marathoni kwa saa 2:09:30, akapitwa na Robert de Castella wa Australia kwa sekunde 12.

Kisha ikaja Edinburgh 1986. Hapa sasa ndipo tulipoigomea Madola kweli, na nadhani kumbukumbu ya mzee ilizikunja 1976 na 1986 zikawa moja. Serikali ya Uingereza ya Margaret Thatcher ilikataa kuiwekea Afrika Kusini vikwazo vya maana. Nchi 32 kati ya 59 hazikwenda, Tanzania ikiwamo. Michezo ikafanyika nusu mtungi, na ikaacha madeni makubwa. Ikangaa mwaka ule alikuwa moto; Februari alishinda marathoni ya Tokyo. Edinburgh aliiona kwa mbali, kama wewe ulivyoiona.

Tuje Nachingwea, alikofanya kazi mzee. Pale palikuwa na kambi ya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, walikofunzwa wapiganaji waliovuka Ruvuma kwenda kumng'oa Mreno. Watu wa Lindi na Mtwara hawakuzisikia habari za ukombozi redioni tu. Waliwaona wakimbizi, waliishi nao, wengine walikuwa ndugu zao wa damu, maana Mmakonde hakuuchora yeye mpaka ule. Msumbiji ikapata uhuru 25 Juni 1975. Machi 1976, ikiwa nchi changa isiyo na kitu, ikafunga mpaka wake na Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ya Mzungu Ian Smith, ikakubali kupoteza mapato ya reli na bandari ili kutekeleza vikwazo dhidi ya utawala wake.

Mchango huo haukusahauliwa. Shemeji ana haki ya kushangaa, kwa sababu kanuni ya mazoea ilikuwa kwamba mwanachama wa Madola awe aliwahi kuwa chini ya Uingereza, au awe na uhusiano wa kikatiba na nchi ya namna hiyo. Lakini majirani wote wa Msumbiji walikuwa wanachama: sisi, Malawi, Zambia, Zimbabwe, Afrika Kusini iliyorudi, na Swaziland. Katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika New Zealand, Novemba 1995, Msumbiji ikapokelewa kama jambo la pekee. Baadaye mlango ukapanuka: Rwanda iliingia 2009, Gabon na Togo 2022. Kwa hiyo ndiyo, Msumbiji wamo, na wameingia kwa tiketi ambayo sehemu yake ilikatwa Nachingwea.

Na hawakuingia kuuza sura. Kuala Lumpur 1998, michezo yao ya kwanza, Maria Mutola alishinda dhahabu ya mita 800 wanawake. Manchester 2002 akashinda tena. Katikati yake, Sydney 2000, akachukua dhahabu ya Olimpiki. Mutola ni mtoto wa Maputo aliyeanza kwa kucheza mpira wa miguu na wavulana. Aliyemvuta kwenye riadha ni mshairi José Craveirinha. Binti yako akitaka picha ya kubandika ukutani, nampendekeza huyo. Mbio ni zilezile, na kwao ni jirani.

Je, tulikosea kususa? Nitakwambia ninavyoona, nawe una ruhusa ya kukataa. Gharama ilikuwa halisi na haikugawanywa sawa. Kiongozi anayetamka kugomea anaweza kuishi na tamko lake miaka thelathini. Mkimbiaji ana miaka michache ya kuwa juu, na Olimpiki huja kila baada ya miaka minne. Ukikosa moja, aghalabu umekosa zote. Wala matokeo hayakuja kesho yake. New Zealand iliendelea na ziara yake ya 1976, na 1981 ikawakaribisha Makaburu kwao, ingawa safari hiyo wananchi wake wenyewe walijaa mitaani kuwapinga. Thatcher hakubadilika kwa sababu ya Edinburgh. Hata hivyo bila Montreal nisingeitarajia Gleneagles, na bila milango ya michezo kufungwa mmoja baada ya mwingine, Mzungu wa kawaida wa Johannesburg asingeonja ladha ya kutengwa. Alikuwa anaipenda raga yake kuliko hotuba za Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo naona uamuzi ulikuwa sahihi. Ninachokilalamikia ni kwamba sifa tuliwapa waliotamka, na waliolipa tukawaacha wajisimulie wenyewe.

Binti ajibiwe ukweli: ndiyo, inawezekana. Mwanariadha hajiandikishi mwenyewe. Riadha Tanzania humchagua kwa viwango, na Kamati ya Olimpiki Tanzania ndiyo inayopeleka timu. Kamati isipopeleka, hakuna mlango wa uani. Lakini kususa kwa namna ile kumekuwa adimu sana tangu Afrika Kusini ifunguke. Kitakachomzuia binti wa Lindi leo, kama kitamzuia, si siasa ya nje. Ni nauli, viatu, uwanja wa mchanga, na mwalimu mwenye saa ya kupimia ambaye hayupo.

Michezo yenyewe haijafa, ila afya yake si ya kujivunia. Durban ilipewa ya 2022, ingekuwa mara ya kwanza Afrika, ikanyang'anywa 2017 kwa kushindwa kutimiza masharti, Birmingham ikaibeba. Jimbo la Victoria, Australia, lilipewa ya 2026, likajitoa Julai 2023 kwa kuogopa gharama. Glasgow ikaichukua, kuanzia 23 Julai hadi 2 Agosti, ikiwa imepunguzwa hadi michezo 10. Marathoni haimo. Kwetu hilo ni pigo, maana medali zetu nyingi za karibuni zimetoka barabarani: Francis Naali dhahabu 2002, Samson Ramadhani dhahabu 2006, na Alphonce Simbu fedha 2022, yeye ambaye Septemba 2025 amekuwa bingwa wa dunia mjini Tokyo kwa kumshinda Mjerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Ngumi bado zimo, na ngumi zimewahi kutulipa: Michael Yombayomba dhahabu 1998, Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe shaba 2022. Mita 800 zimo pia. Na ile ya 2030, mwaka wa mia tangu Hamilton, imepewa Ahmedabad, India. Binti atakuwa na umri wa kuikimbia.

Kwa hiyo usimkimbize kwa pupa. Njia yake inaanza UMISSETA, yaani mashindano ya shule za sekondari, ngazi ya shule, wilaya, mkoa, kisha taifa, na huko ndiko macho ya makocha yaliko. Mpeleke, wewe mwenyewe kwa miguu yako, kwa afisa michezo wa halmashauri, uulize ni klabu gani ya riadha iliyo karibu na iliyosajiliwa. Mambo haya ya barua yana mwisho. Mtu anatakiwa amwone akikimbia, na mkufunzi wa kweli atataka kumwona zaidi ya mara moja. Kama kuna mtu anamwita peke yake mazoezini au anataka kumsafirisha bila wewe kujua anakofikia, hapo usitafute ushauri wa mtu, mtoe.

Na kuna jambo ambalo mabinti wanaokimbia hawalisemi. Akianza kuchoka kuliko kawaida, muda wake ukashuka wiki mbili tatu mfululizo, anahema kupanda ngazi, usimwite mvivu. Mpeleke kituo cha afya wapime malaria na wingi wa damu. Msichana wa rika lake anapoteza damu kila mwezi, anakimbia, na ukanda wetu una mbu. Hedhi ikikatika miezi mitatu, au maumivu ya ugoko yakawa sehemu moja ile ile hata akiwa amelala, aache kukimbia mpaka daktari amwone. Chakula kipo, hakihitaji duka: samaki, kunde, mboga za majani, na ming'oko kwa wingi wakati wake.

Kuhusu ule ubishi, shemeji amekosea Bayi na amekosea Msumbiji, kwa hiyo kahawa atalipa yeye. Wewe umekosea michezo iliyogomewa 1976 na sababu yake, kwa hiyo kashata utalipa wewe. Mzee wako, kama angekuwepo barazani, mimi ningemtolea kikombe bure.